Shajara ya mradi: Hofu ilihamia wapi? Resident Evil 2 ya 1998 na ya 2019, chumba kwa chumba

Kabla ya kikao cha kwanza

Mradi huu una swali moja tu. Mwaka 1998 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 2, mchezo wa kutisha ambao kamera yake ilikuwa imegandishwa kwenye pembe ya kila chumba, mithili ya kamera ya ulinzi, na mchezaji akalazimika kuona kile tu ambacho kamera ilikubali kumwonyesha. Tarehe 25 Januari 2019 kampuni hiyohiyo ikatoa mchezo huohuo ukiwa umejengwa upya tangu msingi, na kamera ikahamishiwa nyuma ya bega la mhusika, mahali ambapo mchezaji anaweza kuigeuza apendavyo. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiamini kwamba kilichotutisha utotoni, pale kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, kilikuwa ile kamera iliyokataa kugeuka. Ikiwa imani yangu ni sahihi, toleo jipya halipaswi kutisha. Ikiwa linatisha, basi hofu imehamishwa, na kazi yangu ni kutafuta ilikohamia.

Utaratibu ni huu: nacheza sehemu moja katika toleo la zamani, kwa konsoli ya kwanza ya PlayStation niliyoazimwa na rafiki pamoja na diski zake mbili, kisha nacheza sehemu inayolingana nayo katika toleo jipya, na baada ya hapo naandika. Naanza na Leon, mmoja wa wahusika wakuu wawili, katika kiwango cha kawaida cha ugumu, halafu Claire, mhusika wa pili, na mwisho kiwango cha juu kabisa. Msaidizi wangu ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, aliyezaliwa baada ya toleo la zamani kutoka na ambaye hajawahi kulicheza. Nimemchagua kwa makusudi, kwa sababu mimi nina kumbukumbu, na kumbukumbu ni shahidi asiyeaminika.

Kikao cha 1: barabarani

Toleo la zamani halina subira. Lori linaanguka, linalipuka, linawatenganisha Leon Kennedy, askari anayeripoti kazini kwa siku yake ya kwanza, na Claire Redfield, anayemtafuta kaka yake Chris, na papo hapo mchezaji anajikuta katikati ya mazombi bila maelezo yoyote. Tulipokuwa watoto wengi wetu tulifia hapo, dakika ya kwanza, na mwenye kibanda hakurudisha pesa. Mpwa wangu naye amefia hapo mara tatu. Kilichomshinda ni mwendo, wala si mazombi wenyewe: katika toleo la zamani kitufe cha juu humpeleka Leon mbele kwa mujibu wa uso wake mwenyewe, bila kujali kamera imekaa upande gani, hivyo anapotembea kuelekea kwa mtazamaji bado unabonyeza juu. Watu huudharau mtindo huu, lakini ulikuwa na sababu. Kamera hubadilika ghafla unapovuka mpaka wa picha, na laiti mwendo ungefuata kamera, mhusika angegeuka nyuma kila picha inapobadilika.

Toleo jipya linaanzia mbali zaidi, kwenye kituo cha mafuta nje ya mji, usiku wa mvua. Leon anaingia dukani akiwa na tochi, na kwa dakika kadhaa hakuna linalotokea isipokuwa rafu zilizoanguka, mlango wa nyuma, na sauti ya kitu kinachotafuna. Nimeandika kwenye daftari neno moja, "polepole", na nikalipigia mstari. Matarajio yangu yalikuwa kwamba mchezo wa mwaka 2019 ungekimbia zaidi kuliko wa mwaka 1998. Imekuwa kinyume.

Kikao cha 2: ukumbi mkuu

Kituo cha polisi cha Raccoon City, mji wa kubuni huko Marekani, hapo kale kilikuwa jumba la makumbusho. Maelezo hayo yalitungwa ili kuhalalisha sanamu, michoro na milango inayofunguliwa kwa mafumbo, mambo ambayo kituo cha kawaida cha polisi hakiwezi kuwa nayo. Wachache wanakumbuka kwamba toleo la 1998 nalo lilikuwa limetengenezwa upya kabla hata halijatoka: toleo la awali, ambalo mashabiki huliita 1.5, lilikuwa na kituo cha kisasa kisicho na urembo na mhusika aitwaye Elza Walker badala ya Claire, nalo likatupwa kazi ikiwa imefika mbali. Mwongozaji Hideki Kamiya na mtayarishaji Shinji Mikami wakaanza tena. Nalitaja hili kwa sababu Kazunori Kadoi na Yasuhiro Anpo, walioongoza toleo la 2019, mara nyingi hulaumiwa na mashabiki kana kwamba wamegusa msahafu, ilhali hicho wanachokiita msahafu chenyewe kilikuwa rasimu ya pili.

Tulipoingia ukumbini katika toleo la zamani, mpwa wangu alishangaa.

"Mjomba, mbona kuna mwanga hivi?"

Sikuwa nimewahi kuligundua hilo. Kituo cha zamani kina mwanga mwingi. Taa zinawaka, rangi za ukutani zinaonekana, sakafu inang'aa, na muziki wa ukumbi ni wa huzuni iliyotulia. Mandhari yake ni picha zilizochorwa mapema, kwa sababu konsoli ya wakati ule haikuwa na nguvu ya kuchora jengo zima papo kwa papo, na juu ya picha hizo ndipo wahusika wenye pembe kalikali hutembezwa. Giza halikuhitajika. Kilichofichwa kilifichwa na ukingo wa picha: unasikia zombi akiguna, unajua yumo chumbani, lakini kamera inatazama upande mwingine.

Toleo jipya limezima taa. Ukumbi wenyewe bado una mwanga kiasi, lakini ukivuka tu mlango wa mashariki, Leon anawasha tochi na hakuna kingine. Nilitembea hatua chache, nikasimama, nikaizungusha kamera duara zima, na hapo nikaelewa jambo la kwanza la mradi huu. Ukingo wa picha haukuondolewa. Umetiwa mkononi mwangu. Duara la tochi ndiyo fremu ya sasa, nami ndiye ninayeielekeza, kwa hiyo kila ninapoangaza kulia nimechagua mwenyewe kutoona kushoto. Zamani nilikuwa na haki ya kuilaumu kamera.

Kikao cha 3: funguo na miili

Leo tumevuka mrengo wa mashariki na kurudi. Katika toleo jipya askari mmoja anakwama chini ya mlango wa chuma unaofungwa kutoka juu, anaomba msaada, na Leon anamvuta. Anatoka nusu. Nusu nyingine imebaki upande wa pili. Tukio hili halikuwamo mwaka 1998, nami nilidhani nitalichukia kama mbwembwe za damu, lakini daftari lake ndilo lenye alama zinazofungua sanamu za ukumbini, hivyo mchezaji analazimika kuinama karibu na mwili huo na kuchukua anachohitaji. Baada ya hapo Marvin Branagh, askari aliyejeruhiwa ambaye katika toleo la zamani mchezaji humkuta amelala ofisini, anamvuta Leon mwenyewe chini ya mlango kama huo. Anampa kisu na kumwonya kwamba akiona mmoja wao, hata akiwa amevaa sare, asisite. Tukio la kwanza linalifanya onyo hilo liwe na uzito. Bila askari yule aliyekatika vipande viwili maneno ya Marvin yangekuwa hotuba tu.

Funguo za milango zimebaki na alama za karata, na hapa sina budi kuonyesha furaha ndogo isiyohusiana sana na hofu. Mpwa wangu alipouliza alama ile ni ya nini, nilimjibu bila kufikiri: "Huo ni ufunguo wa shupaza." Leon na Claire wote wanapata shupaza na uru, kisha Leon anapata pau na Claire anapata kopa. Majina tuliyoyasikia kibarazani kwa wazee wakicheza karata yanatosha kabisa kulielezea jengo zima, na tangu leo ramani yetu ya daftarini imeandikwa hivyo.

Kuhusu mazombi, tumefanya hesabu rahisi. Katika toleo la zamani zombi anapokufa kweli, dimbwi la damu hutanda chini ya mwili wake, na mchezaji aliyeliona huendelea na safari kwa amani. Toleo jipya limefuta ishara hiyo. Wa kwanza tuliyempiga kichwani aliinuka baada ya risasi tatu, na akainuka tena baada ya mbili nyingine. Wa pili alilala baada ya risasi moja iliyompasua fuvu. Wa tatu alilala, tukampita, tukaenda kuchukua baruti mwisho wa korido, na wakati wa kurudi akatushika mguu. Hakuna idadi inayotegemewa, na kwa sababu hakuna idadi, kila mwili ulio sakafuni unakuwa swali. Je, nipoteze risasi nyingine ili nipate jibu, au nipite kwa imani?

Kikao cha 4

Umeme ulikatika saa mbili usiku, tukiwa tumefungua mlango wa chumba cha giza cha kusafishia picha lakini hatujaifikia mashine ya taipu, ambayo ndiyo ya kuhifadhia mchezo. Hakuna la kuripoti, isipokuwa kwamba toleo jipya, katika kiwango cha kawaida, lilikuwa limehifadhi mchezo lenyewe muda mfupi kabla, wakati la zamani lingetupotezea kila kitu. Mpwa wangu aliliona hilo kuwa jambo jema. Mimi sina hakika, na nitalirudia.

Kikao cha 5: kulenga shabaha

Hoja kubwa ya wanaopinga kamera ya begani ni kwamba inampa mchezaji nguvu. Capcom yenyewe iliianzisha kamera hiyo katika mfululizo huu mwaka 2005, katika Resident Evil 4, na tangu hapo mchezo ukageuka kuwa wa bunduki zaidi kuliko wa kutisha. Nilikuja na hoja hii nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, na leo imenivunjikia.

Katika toleo la zamani ukiinua bastola, Leon anasimama. Hawezi kutembea huku amelenga. Ama unapiga, ama unakimbia. Katika toleo jipya anaweza kutembea huku amelenga, lakini ukisogea, alama ya shabaha kwenye kioo inapanuka na risasi inakwenda popote. Ukisimama kwa sekunde moja au mbili, alama inajikunja, na risasi inayotoka hapo ndiyo yenye uwezekano wa kukipasua kichwa. Wakati huo zombi naye hatulii. Anayumba, kichwa kinakwenda huku na huku, anajikwaa mbele hatua mbili kwa mpigo, na ule muda unaouhitaji wewe ndio muda anaouhitaji yeye kukufikia. Kwa hiyo mchezaji mwenye busara husimama, kama alivyosimama mwaka 1998. Tofauti ni kwamba zamani kusimama kulikuwa amri ya mtambo, na sasa ni kishawishi ambacho mchezaji anaingia mwenyewe na kujuta mwenyewe.

Nimewaza sana juu ya jambo hili usiku. Waliolijenga upya toleo hili hawakujiuliza "tuhifadhi nini?" bali "kile kilikuwa kinafanya kazi gani?" Katika michezo mingi iliyofufuliwa niliyoicheza, jibu la swali la kwanza ni nyimbo, nguo na majina, na matokeo yake ni makumbusho yenye taa nzuri.

Kikao cha 6: mbao, mikoba na ramani

Leo tumecheza kama wahasibu. Leon anaanza na nafasi 8 za kubebea vitu, sawa na zamani, na kila mkoba wa kiunoni anaoupata humwongezea nafasi 2. Ukiwa na bastola, bunduki ya marisawa, risasi za aina mbili, jani la kijani la kutibu majeraha, kisu na funguo mbili, umejaa, na hujachukua bado kile kilichokuleta chumbani. Sanduku la hifadhi bado linafanya uchawi wake wa kale: unachoweka ghorofa ya kwanza unakikuta ghorofa ya tatu.

Kipya ni mbao. Mazombi huingia kwa madirisha ya korido, na mchezaji akiokota mbao anaweza kuziba dirisha moja kwa kila mbao aliyo nayo, ila mbao hazitoshi madirisha yote. Ilitulazimu kukaa chini na kuichora korido ya magharibi, kuhesabu ni mara ngapi tutaipita kwenda chumba cha giza na kurudi, kisha kuamua. Mpwa wangu alitaka tuzibe madirisha yaliyo karibu na ukumbi. Mimi nikataka yaliyo karibu na ngazi. Tulibishana kwa robo saa juu ya jengo lisilokuwepo duniani, na katika robo saa hiyo konsoli ilikuwa imesimamishwa. Huo ni ushahidi pia: hofu ya mchezo huu inaendelea kufanya kazi hata picha ikiwa imeganda.

Ramani nayo imebadilika. Chumba chenye kitu ambacho hujakichukua kina rangi nyekundu, na kilichomalizika kinakuwa buluu. Mashabiki wakongwe wameliita jambo hili kudekeza wachezaji. Mimi naona ni werevu, kwa sababu chumba chekundu kinakuita urudi mahali ulipokwisha kuapa hutarudi.

Kikao cha 7: vishindo

Nimekuwa nikiahirisha kuandika kuhusu kikao hiki, maana ndicho kilicholeta jibu, na bado napingana nacho.

Katika toleo la zamani, jitu lenye koti refu ambalo wachezaji hulijua kwa jina la Mr. X hutokea tu katika safari ya pili, ile iitwayo B, unapocheza tena kwa mhusika wa pili. Hutokea mahali palipopangwa, huvunja ukuta, hupigwa, huanguka, na hutoweka hadi mahali pengine palipopangwa. Mtu akimaliza safari ya kwanza peke yake hajawahi kumwona. Katika toleo jipya anakuja kwa wote. Unazima moto wa helikopta iliyoanguka ghorofa ya pili, moshi unatulia, na mkono unaliinua lile bodi la helikopta kama mtu anayefungua pazia. Kuanzia hapo hayuko mahali palipopangwa tena. Anatembea kituoni, chumba kwa chumba, anafungua milango, anainama ili kofia yake isigonge kizingiti, na anakutafuta.

Nilivaa spika za masikioni na kumwambia mpwa wangu ashike kalamu. Kishindo cha kwanza kilitoka juu. Vilivyofuata vilitoka kushoto, vikafifia, na mlango ukafunguliwa mahali fulani. Tulikuwa kwenye chumba chenye mashine ya taipu, ambamo haingii, tukakaa humo dakika kumi tukisikiliza tu, na kwenye daftari kuna ukurasa mzima ulioandikwa "juu", "chini", "karibu", "sijui". Nilipousoma ukurasa ule asubuhi nikaiona kamera yangu ya zamani. Kazi yake ilikuwa kumwambia mchezaji kwamba kuna kitu humu ndani, na kumnyima nafasi ya kujua kiko wapi. Vishindo vinafanya kazi hiyohiyo, vikiwa vimehamishwa kutoka jichoni kwenda sikioni.

Lakini hilo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ilitupata kwenye korido ya magharibi, ile ambayo madirisha yake tuliyabishania. Humo huingia kiumbe ambacho wachezaji hukiita mlambaji: hakina ngozi, hakina macho, kina ulimi mrefu na masikio makali, hutambaa dari na ukuta. Kwa kuwa ni kipofu, mchezaji anaweza kumpita kwa kutembea polepole bila kugusa chochote, hata akiwa pua kwa pua naye. Tulikuwa tumelijua hilo na kulizoea. Sasa vishindo vikaja nyuma yetu. Ukikimbia, mlambaji anakusikia. Ukitembea polepole, jitu linakufikia. Sheria mbili tulizofundishwa vizuri, kila moja katika muda wake na kwa utulivu, ziligonganishwa katika korido moja nyembamba yenye miili miwili sakafuni ambayo hatukuwa na hakika kama imekufa. Mpwa wangu alisimama kutoka kwenye kiti.

"Mjomba, kimbia! Hapana, usikimbie!"

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya muundo wa mchezo huu.

Tulikufa, bila shaka. Tuliporudia, nilijaribu kupigana na jitu. Risasi nyingi za marisawa humfanya apige goti kwa muda, na risasi moja iliyolengwa vizuri humwangusha kofia, jambo linaloleta faraja isiyo na faida yoyote. Kisha huinuka. Haliuawi hapo, unachonunua kwa risasi zako ni sekunde, na bei ya sekunde hizo ni ghali mno.

Sina budi kuandika pia kilichotokea saa moja baadaye, ili shajara isiwe sifa tupu. Mpwa wangu aligundua kwamba jitu hutembea tu, halikimbii, na kwamba maktaba ina njia za kulizungusha. Akalizungusha. Akalizungusha tena, akicheka, akalipeleka upande wa mashariki na kurudi zake magharibi kumalizia chumba chekundu. Hofu iliyokuwa imetusimamisha kitini ikageuka kero, kama mgeni asiyejua muda wa kuondoka. Wasanifu wa toleo la zamani, ambao jitu lao lilitokea mara chache, hawakuwahi kulipa gharama hii. Bado naliona toleo jipya limeshinda katika jambo hili, lakini si kwa mabao mengi.

Kikao cha 8: maji taka

Tumepita haraka, nami nitapita haraka. Duka la bunduki la Kendo, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kwanza cha kukimbilia, sasa limesogezwa baada ya kituo cha polisi, na limepewa baba na binti yake mgonjwa. Ni dakika chache tu, lakini ndizo dakika pekee ambazo Leon anashusha bastola kwa sababu isiyokuwa ya ukosefu wa risasi. Mamba mkubwa amebaki, ingawa sasa ni mbio fupi za kukwepa kushoto na kulia. Buibui wakubwa wameondolewa na hatukuwakumbuka. Humo chini njia ni moja, hakuna korido ya kupanga wala madirisha ya kuziba, na daftari limebaki karibu tupu. Kituo cha polisi kilitisha kwa sababu tulikijua. Mabomba haya hatutayarudia, kwa hiyo hatuna cha kupoteza ndani yake.

Kikao cha 9 na cha 10: Claire

Hapa ndipo toleo jipya limeniangusha. Katika toleo la zamani, Leon alikuwa na diski yake na Claire ya kwake, na safari ya wa pili iliangalia alichofanya wa kwanza. Katika ghala la silaha kulikuwa na bunduki ya rashasha na mfuko wa kubebea. Ukivichukua kwa safari A, mwenzako wa safari B anakuta kabati tupu. Utotoni hilo lilikuwa chanzo cha ugomvi wa kweli kati yangu na kaka yangu, kwa kuwa mimi nilicheza Leon na yeye akacheza Claire, na mimi sikumwachia kitu.

Katika toleo jipya safari ya pili inaanza mahali tofauti na ina bastola tofauti, kisha inaingia katika nyayo zilezile. Claire anapambana na William Birkin, mwanasayansi aliyegeuka jitu, mahali ambapo Leon amekwisha kupambana naye. Fumbo lililofunguliwa na mmoja linafunguliwa tena na mwingine, na Annette Birkin, mke wa William, anakufa mara mbili kwa namna mbili. Mpwa wangu, ambaye hana kumbukumbu ya kulinganisha, aliuliza mwenyewe: "Sasa ipi ndiyo imetokea kweli?" Sikuwa na jibu, na mchezo hauna pia. Sehemu ya kituo cha watoto yatima, ambamo Sherry, binti yao mdogo, anakimbizwa na mkuu wa polisi Irons bila silaha yoyote, ni mpya na ni nzuri, ila haitoshi kufidia.

Naandika hili kwa masikitiko kwa sababu linakwenda kinyume na hitimisho langu la kikao cha 5. Walioelewa kamera ilifanya kazi gani hawakuelewa, au hawakupata muda wa kuelewa, lile kabati tupu lilifanya kazi gani. Lilimfanya mchezaji aogope uamuzi wake mwenyewe wa wiki iliyopita.

Kikao cha 11: kiwango cha juu

Katika kiwango hiki mchezo haujihifadhi wenyewe. Mashine ya taipu inadai utepe wa wino kama mwaka 1998, na tepe ni chache. Mazombi wanahitaji risasi nyingi zaidi, na kuumwa mara mbili kunatosha kukumaliza. Nilidhani ni ukatili uliowekwa kwa ajili ya wachezaji wanaopenda kujisifu, lakini baada ya saa mbili nimeona kwamba ndilo toleo ambalo vipimo vyake vyote vinakubaliana: mbao, nafasi 8, alama ya shabaha inayojikunja taratibu, mwili usiojulikana kama umekufa. Kila kimoja sasa kina bei, kwa sababu kila kosa linakurudisha mbali. Ule uwezo wa kujihifadhi uliotuokoa kwenye kikao cha 4 ndio uliokuwa ukitupunguzia bei hiyo muda wote, nasi hatukujua.

Hali ya mradi kwa sasa: Leon yuko kwenye chumba chenye taipu, mrengo wa magharibi, ana medali moja kutoka kwenye sanamu, risasi tisa, jani moja, na utepe mmoja. Vishindo bado havijaanza, kwa kuwa hatujaigusa helikopta. Mpwa wangu anashauri tusihifadhi, tuubakize utepe hadi medali ya pili ipatikane, na kwa hesabu za mchezo yuko sahihi. Lakini tangu magharibi taa ya sebuleni imekuwa ikififia na kurudi, na jirani amekwisha kuwasha jenereta yake kwa tahadhari.

Utepe nimeutumia saa nne na robo usiku. Umeme haukukatika.